Aliyefua Vitambaa vya Altare

Watu wa parokia yetu hapa Kakamega tunaamini mambo mengi, na baadhi yake yamo katika katekisimu. Lakini lipo moja tuliloliamini wote bila kufundishwa na katekista yeyote, nalo ni kwamba vitambaa vya altare vinajifua vyenyewe. Jumapili vinatandikwa vyeupe, vinaguswa na divai, vinakunjwa na kuondolewa. Jumapili inayofuata vimerudi, vyeupe kiasi cha kuumiza macho ya waliokaa mpaka kule nyuma mlangoni. Hakuna aliyeuliza vilikuwa wapi katikati ya wiki. Mimi niliishi nyumba iliyopakana na ya aliyevifua, pale Shieywe, nikamwona kila Ijumaa asubuhi akitoka na beseni kichwani kwa miaka isiyopungua elfu moja, na nilijua kwa hakika kabisa kwamba mama huyu anauza dagaa wa omena.

Alikuwa mfupi, mfupi wa kupita chini ya meza ya altare bila kuinama, na sauti yake ingeweza kusimamisha trekta la miwa kule Kabras dereva akiwa amelala. Alitembea kama mtu anayeenda kukata kesi. Mimi aliniita Fundi, kwa sababu nina gereji ya pikipiki, na mimi nilimwita Mama kama kila mtu. Jina la Mama wa Vitambaa lilikuja baadaye, tulipojua, na hakulipenda. Alisema ukimwita mtu kwa kazi yake, wengine wote wanapumzika.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria nyingi kuliko za barabarani. Kile kitambaa kinachotandikwa chini ya kalisi, kikombe cha divai, na kile kidogo cha kuipangusia, haviguswi na sabuni kwanza. Vinalowekwa kwenye maji matupu, kwa kuwa huenda chembe ya hostia, ule mkate wa komunyo, imebaki kwenye uzi, au tone la divai. Na hayo maji ya kwanza hayamwagwi mtaroni. Yanamwagwa kwenye udongo safi, mahali pasipokanyagwa na mtu. Yeye alikuwa amezungushia mawe kipande chake nyuma ya sakristia, kile chumba cha Padre cha kuvalia, na kuku wa Padre akithubutu kuingia pale alirudi kwake mbio akiwa na kesi. Baada ya hapo ndipo inakuja sabuni ya kipande, halafu wanga aliopika mwenyewe kwa unga wa muhogo, halafu kuanika, halafu pasi ya makaa kupitia upande wa nyuma, halafu kukunja. Kile kikubwa cha chini ya kalisi kinakunjwa kwa ndani, mara tatu hivi na mara tatu vile, mpaka kitoe miraba tisa, ili chembe ikibaki isianguke. Ukikunja kwa nje unaanza upya. Si kutoka kwa pasi. Kutoka kwa maji.

Yote hayo yalifanyika kwa kushindana na mvua. Mvua ya Kakamega inakuja saa nane kama mtu aliyeajiriwa, na siku nyingine inakuja na mawe yake mfukoni. Kwa hiyo saa mbili asubuhi beseni lilikuwa limejaa, na saa saba kamba ilikuwa tupu. Nilipokuja kumzoea nilimsikia akiwaambia akina mama waliosimama kupiga hadithi na kumkawiza, "Mungu hana haraka. Mvua ndio inakuwanga na haraka."

Mtu asidhani ninachora mtakatifu. Jumamosi alfajiri mama huyu alikuwa kwenye mapigano ya fahali, mstari wa mbele, kitambaa cha kichwa kimeteleza, akimpa fahali wa upande wao maagizo ambayo hata kocha wa taifa hana. Siku moja fahali huyo alishindwa. Mama alikataa kumsalimia mwenye fahali mshindi kwa Kwaresima nzima, na mwenyewe ni mzee wa kanisa anayekaa benchi moja naye. Misa ilipofika mahali pa kutakiana amani, alimpa mkono huku akitazama dari. Nilipomuuliza kama hiyo ni amani, alisema mkono umetoa amani, macho bado yanafikiria.

Nyumbani kwake, vitambaa vya makochi vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Leso yake ya jikoni ilikuwa na matundu ya kupitisha ingokho, kuku mzima. Na Padre akianza mahubiri alilala, wazi wazi, mdomo umeachwa bila mlinzi. Lakini tukifika Nasadiki alikuwa wa kwanza kusimama, na wala hakukosea mstari. Padre hakukasirika, maana alimwogopa kidogo. Kuna siku Mama alimwita Padre pembeni baada ya Misa akamwambia, kwa sauti aliyoidhani ya chini na ambayo ilisikika mpaka stendi, kwamba anakunja kitambaa kama mwenye duka anayefunga sukari ya robo. Padre alicheka, kisha akarudi ndani akakikunja tena.

Mimi mwenyewe alinishughulikia mapema. Niliacha shule darasa la saba nikashika spana, nikaridhika nayo. Yeye hakuridhika. Aliniambia kichwa changu si changu, nimepewa nikitunze, na siku mwenyewe akikidai nisimrudishie kikiwa na kutu. Basi nikaingia masomo ya jioni nikiwa na watoto wawili na mvi ya kwanza. Kila nikirudi alikuwa mlangoni kwake akiniuliza nimefundishwa nini. Siku moja nikamwambia pembetatu. Akauliza pembetatu inatumika wapi. Sikujua. Akaniambia nirudi kesho nikaulize, kwa sababu mwalimu hajamaliza kazi. Nilimaliza kidato cha nne hivyo, nikiwa na walimu wawili, mmoja wa serikali na mmoja wa mlangoni.

Kilichotufumbua macho ni Jumapili ya uwakili. Padre alihubiri kwamba sisi si wenye vitu, ni mawakili tu. Muda, vipaji na mali vyote ni amana, na anayeaminiwa amana ataulizwa. Kisha baraza la parokia likagawa fomu zenye orodha ya huduma zote, kila Mkristo aweke alama kwenye ile atakayojitolea. Mimi niliweka alama kwenye kuelekeza magari, kwa sababu unapewa jaketi linalong'aa, na magari ya parokia yetu ni machache na mengi yanajua njia.

Tulipotoka nje alinishika mkono, akanipa fomu yake nimsomee. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Daktari alimwambia ni presha ya macho, inakula kuanzia pembeni kuja katikati, na dawa itaichelewesha tu. Nikasoma: kwaya, kusoma masomo, kupamba maua, kutembelea wagonjwa, kuelekeza magari, kuosha vyoo.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena polepole, nikidhani anachagua.

"Hata vyoo viko," akasema.

Nikamuuliza anatafuta nini. Ndipo akanieleza, pale pale mbele ya kanisa, kile kilichokuwa kwenye beseni miaka yote hiyo. Niliona aibu ya kumtosha askofu mzima, na omena zangu zote zikaniponyoka mkononi. Yeye hakutafuta huruma. Alinipa kalamu.

"Andika hapo chini. Kufua vitambaa vya altare. Halafu uache nafasi ya jina."

Nikaanza kuandika jina lake.

"Si langu. Langu linaenda na macho. Natafuta la mwingine."

Fomu hiyo ilifika kwa mwenyekiti wa baraza, mwalimu mstaafu, mtu mpole anayependa kila kitu kiwe na mahali pake. Alishtuka, akaona haya, akataka kurekebisha mambo siku hiyo hiyo. Mama akaitwa kwenye kikao. Mimi nilimsindikiza ili nimwelekeze kwenye ngazi, nikabaki ndani kwa sababu hakuna aliyenifukuza. Mwenyekiti alimshukuru kwa niaba ya vizazi vyote, akasema sasa apumzike, atapewa leso nzuri siku ya Pasaka. Vitambaa vitapelekwa kwa dobi mmoja mjini, Mkristo mwema, mwenye mashine ya kisasa.

Mama akauliza mashine inamwaga maji wapi. Akajibu mwenyewe kwamba ni mtaroni. Padre akasema kwa upole kuwa hayo maji ya kwanza yeye anaweza kuyashughulikia. Mama akamwambia hana wasiwasi na nia yake, ana wasiwasi na Ijumaa yake, kwa sababu kila Ijumaa Padre anaitwa kwa maziko. Kisha akasimama, ingawa kusimama kwake hakukuongeza urefu wowote.

"Jumapili mlisema kila mtu alete mikono," akasema. "Sasa kazi ya mikono ndio hii, na mnaipatia mashine. Huo ni uwakili wa nani?"

Mwenyekiti alikuna kichwa kwa muda wa rozari nzima. Mwishowe wakakubaliana hivi: apewe mpaka Alhamisi Kuu. Kama siku hiyo atakuwa na mtu anayeweza kufanya kazi yote peke yake, tangu maji mpaka miraba tisa, kazi itabaki parokiani. Kama hana, vitambaa vitakwenda kwa dobi, na yeye atachukua leso yake akae.

Akaanza kuwinda. Jumapili baada ya Jumapili alisimama mlangoni, akimshika kila anayetoka. Akina mama wa chama walisema sare zao wenyewe zinawashinda. Dada mmoja wa kwaya alikubali, mpaka aliposikia hakuna kusimama mbele ya watu. Mwanamume mmoja alisema atamuuliza mke wake. Mkewe, aliyekuwa nyuma yake, alisema ameshamsikia na jibu ni hapana. Kila aliyekataa alikuwa na sababu nzuri, na mama alizisikiliza zote, kisha akamgeukia anayefuata kama mtu anayechuma mboga.

Wiki ya tatu alikuja gerejini kwangu. Nilikuwa nimefungua injini, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Aliniambia ninyooshe mikono. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku, na vijana wa pikipiki wakaacha mazungumzo yao wasikie.

"Wewe utafaa," akasema.

Nikamwambia Mama, hii mikono ikigusa kitambaa cha altare hata shetani atasikitika.

"Hawa wengine hawajawahi kuwa wachafu, hawajui uchafu ukitoka unakuwanga namna gani. Wewe unajua. Ijumaa saa mbili."

Vijana walicheka mpaka mmoja akakalia kiatu cha mteja. Nikamwambia, Mama, unaona, nitachekwa mji mzima. Akasema nichekwe nikifanya kazi, maana wao wanacheka wakiwa wamekaa tu. Kidato cha nne hakikunifundisha jibu la hilo.

Basi Ijumaa zangu zikahama. Kwanza mikono: sukari na mafuta ya kupikia, kisha brashi, kisha sabuni, kisha yeye anainusa. Akisikia grisi, narudi bombani. Ijumaa ya kwanza nilinuswa mara tano, na ngozi ikawa laini kama ya bibi harusi. Nikajifunza kuloweka, kumwaga palipo na mawe, kupika wanga usiwe na madonge. Nikaunguza kidole kwa pasi. Nikakunja kwa nje, nikaanza upya kutoka kwa maji. Alikuwa mpole kwa kitambaa na mkali kwa mtu. Kitambaa alikikamua kama anayemwosha mtoto mchanga, halafu anakugeukia wewe na kukukaripia kama askari wa soko.

Ijumaa ya tano alikwenda kliniki ya macho, akaniachia kazi peke yangu. Kulikuwa na nta ya mshumaa imedondokea kile kitambaa kidogo cha kupangusia kalisi. Nilisugua, haikutoka. Nikasugua tena, haikutoka. Sasa mimi ni mtu wa gereji. Kwetu kila kitu kinachogoma kinaletewa petroli. Nikachukua kidogo tu, kijiko hivi, na nta ikatoka kama imeitwa. Nikasuuza, nikaanika, nikapiga pasi ya makaa juu yake bila kufikiri, na hapo malaika wangu mlinzi alifanya kazi ya mwaka mzima. Kikawa cheupe. Nilijisifu njia nzima mpaka Shieywe.

Jumapili, baada ya komunyo, Padre akapangusa kalisi, kisha akapeleka kitambaa mdomoni. Akasimama. Akakinusa. Akatutazama Wakristo wote, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta tangi linalovuja. Kisha akakiweka mbali, mbali sana, na mishumaa. Nasema bila kuongeza chumvi kwamba kama mshumaa mmoja ungeinama siku ile, parokia yetu yote ingepaa mbinguni na mabati yake.

Jioni hiyo kabla ya giza mwenyekiti alikuwa amekwisha kumtafuta Mama. Alisema hapendi kusema, lakini ajali imeonekana, dobi yuko tayari, tusingoje Alhamisi Kuu. Mimi nilikuwa nimekaa pale kochini kwake natazama viatu vyangu. Niliomba msamaha, nikasema ni kweli, mwenyekiti ana haki, nimwachie dobi. Mama akaninyamazisha kwa kiganja.

"Kosa ni langu," akamwambia mwenyekiti. "Nilimfundisha kila kitu, sikumfundisha kuhusu petroli, kwa sababu sikujua kuna mtu angefikiria. Padre aliumia?"

Mwenyekiti akasema hapana, ila chai haikumshuka vizuri.

"Basi siku zangu hazijaisha. Mlinipa mpaka Alhamisi."

Mwenyekiti alipotoka nilingoja nikaripiwe. Hakunikaripia. Aliniuliza tu nta inatolewaje. Nikasema sijui. Akanionyesha: karatasi juu, karatasi chini, pasi ya vuguvugu, nta inahamia kwenye karatasi. Akanirudisha mara kumi, kwa nta aliyoidondosha makusudi kwenye vitambaa vya makochi yake mwenyewe.

Asubuhi ya Alhamisi Kuu alikalia kreti nyuma ya sakristia. Nilishangaa kwa nini amekaa vile, kifua mbele kama jogoo, kisha nikaona: alikuwa ameikalia mikono yake. Alijua asipoikalia itaingia kwenye beseni yenyewe. Na siku hiyo, kati ya siku zote alizoumba Mungu, mvua iliamua kuja saa sita. Niliisikia kwenye upepo nikiwa na pasi mkononi, nikakimbia kwenye kamba, nikakusanya vyote kifuani, tone la kwanza likanipata mgongoni nikiwa mlangoni. Nilimgeukia. Mdomo wake ulikuwa umefunguka tayari kunipigia kelele, na akaufunga pole pole.

Saa tisa Padre na mwenyekiti walikuja. Walitazama, wakanusa, hasa Padre. Wakasema ni vizuri. Lakini sote tulikuwa tunamngoja yeye. Hakuweza tena kuona mikunjo, hivyo akakipokea kitambaa kikubwa, akakifungua, akapitisha kidole kila ukingo, akakikunja na kukifungua mara mbili akihesabu miraba kwa midomo. Tulisimama pale kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani wa taifa.

"Kiwekeni altareni," akasema.

Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na wala haikuelekezwa kwangu. Mwenyekiti alichukua fomu ile akaandika jina langu kwa mwandiko wa ubaoni. Leso ya Pasaka Mama aliipokea kwa shukrani, na Jumatatu nilimwona ameshikia sufuria ya obusuma, ugali wetu, nayo.

Mwaka uliofuata macho yalikwisha kabisa. Binti yake akaja akamchukua, akampeleka kwake Chekalini, Lugari, kwenye mahindi. Nilimtembelea mara moja tu, na lazima niseme kwa nini.

Nilikwenda kuacha kazi. Gereji ilikuwa imekua, Ijumaa imekuwa siku ya wateja wengi, na vijana walikuwa wameanza kuniita Sista, jina ambalo lilifika mpaka kwa wakwe zangu. Mwenyekiti alikuwa ameniambia kwa wema wake kwamba yule dobi bado yupo, nikichoka nimwambie tu. Nilichotaka ni baraka ya Mama ili nilale vizuri. Njia nzima nilipanga maneno.

Mama hakuwapo nyumbani, nilimkuta binti yake. Alinionyesha kigango chao, kanisa dogo la mabati katikati ya mashamba. Nyuma yake nilimkuta ameketi kwenye benchi, uso umeinuliwa, na mbele yake watu wamepanga foleni wamenyoosha mikono: akina mama wawili, mwalimu wa shule ya msingi, na mkwe wake, jitu la mkulima lenye viganja kama koleo. Alikuwa anawanusa mmoja mmoja. Mkwe alirudishwa bombani. Alikwenda bila kubisha.

Nikamsalimia, mulembe Mama. Alinitambua kabla sijamaliza.

"Fundi. Leo ni Ijumaa. Nani anafua huko kwetu?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini hilo sikulipanga. Nikasema hakuna, vimelala kwenye beseni. Kisha nikamwambia yote, gereji, wateja, jina la Sista, dobi. Nikamwambia Mama, kazi imenishinda. Wale akina mama walijifanya wanasafisha kucha. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wale wote mlangoni.

"Umemfundisha nani?"

"Hakuna, Mama."

"Basi haijakushinda. Hujaimaliza tu." Akageuza shavu kuelekea upepo unakotoka. "Kesho asubuhi uko wapi?"

Nilitazama mashamba. Nilitafuta jibu jingine kwenye mahindi yote ya Lugari, na Lugari ina mahindi.

"Sakristia, Mama."

"Na Jumapili?"

"Mlangoni. Natafuta mtu."

Akatikisa kichwa kukubali, kisha akaniambia kwamba mvua ya huku haina adabu kama ya Kakamega, haina saa, na wanafunzi wake ni wapya. Nikavua jaketi. Nikaenda bombani, nikaosha mikono mpaka kwenye viwiko, nikarudi nikaipeleka mbele ya pua yake. Alichukua muda wake. Kisha akanisukuma kwa kiganja upande wa kazi, na mkwe wake akasogea kidogo, nikapata nafasi kwenye beseni.